Vitu tulivyojutia kununua: tuvichunguze kabla ya kuviuza

Mwanzisha uzi

Wadau, nawasalimu nyote. Kazi yangu ni kununua vyombo vya nyumbani vilivyotumika na kuviuza tena, katika mitaa ya Eastlands hapa Nairobi, ambako kila mwisho wa mwezi hapakosi watu wanaohama. Kabla sijataja bei ya kitu chochote, huwa namwuliza mwenyewe kwa nini hakihitaji tena. Ni swali la kibiashara, kwa maana nataka kujua iwapo friji ina hitilafu au televisheni iliungua stima ilipozidi nguvu, lakini kwa muda niliosikiliza majibu yake nimepata kuamini kwamba watu wengi hula hasara mara mbili. Kwanza hununua kitu kisichowafaa. Kisha hukiuza kwa haraka, wakiwa na aibu, bila kujiuliza kilifikaje nyumbani kwao. Hasara hii ya pili ndiyo iliyonifanya nifungue uzi huu.

Jibu la kwanza karibu kila mara ni lawama kwa kitu chenyewe. Blenda ni mbovu, friji inakula tokeni za umeme, sofa ni kubwa mno. Nikiendelea kuuliza kwa upole, kwa sababu si vyema kumhoji mtu nyumbani kwake kama askari, hutokea maelezo mengine kabisa: pesa zilikuwa zimeingia siku hiyo hiyo, alikuwa ameandamana na rafiki zake, au muuzaji alimwambia kwamba bei ingepanda kesho yake. Maelezo hayo ya pili ndiyo yenye faida. Mtu anayeilaumu blenda atanunua blenda nyingine ya bei zaidi, naye baada ya miezi michache atanipigia simu nikaichukue hiyo pia.

Nitoe mfano wa sofa, kwa kuwa hakuna kitu ninachoitiwa mara nyingi kama sofa. Kuna moja ya umbo la L, ya kukaliwa na watu saba, niliyoinunua kutoka kwa familia inayoishi orofa ya tatu katika jengo moja la mtaa wa Pipeline. Kitambaa chake cha kahawia kilikuwa kimeshonwa ubavuni kwa uzi mweusi, mshono wa urefu wa kiganja, na mguu wake mmoja ulikuwa umekatwa kwa msumeno kisha ukapigiliwa misumari upya. Mume alisema fundi aliwatengenezea sofa mbaya. Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwamba sofa haikuwa na ubaya wowote, ila ilishindwa kupita kwenye ngazi. Ilivutwa kwa kamba hadi roshani, ikachanwa na chuma cha reli, na ilipoingia ndani mlango wa chumba cha kulala ukawa haufunguki wote. Nilipoipindua kuikagua nilikuta mbao imara na sponji ya haidensiti isiyobonyea. Fundi alikuwa ameifanya kazi yake vizuri.

Kwa hiyo kosa lilikuwa wapi? Sofa iliyowekwa kando ya barabara, chini ya anga, huonekana ndogo kuliko ilivyo, na mtu aliyekwisha kuipenda hakumbuki kwamba sebule yake ina kuta nne. Hawakupima mlango wala ngazi. Walikwenda Jumamosi, wakiwa na pesa zote kwenye simu, na fundi akawaambia kuna mteja mwingine aliyeahidi kuichukua jioni. Ukiiandika habari hiyo kwenye karatasi, utaona kwamba funzo lake halihusu sofa peke yake. Linahusu kila kitu kikubwa kinachonunuliwa mahali tofauti na pale kitakapokaa, na linahusu pia uamuzi wowote unaofanywa huku mtu mwingine akikuhesabia saa.

Ombi langu kwenu ni hili. Chukueni kitu kimoja mnachojutia kukinunua, mweleze kilifikaje nyumbani, pesa zilitoka wapi, mlikuwa na nani, na kilidai nini baada ya kununuliwa. Si lazima mtaje bei wala duka.

Mama wa Kayole

Ndugu mwanzisha uzi, asante kwa kulifungua jambo hili kwa heshima. Mimi nitazungumzia nguo za watoto, kwa sababu ndizo zinazomaliza pesa zetu kimyakimya. Ukifika soko la mitumba la Gikomba asubuhi mapema, wakati bale zinafunguliwa na wanunuzi wa kamera, yaani nguo bora za bale, wanachagua zile za kwanza, hata mtu mwenye msimamo hulegea. Suruali ya mtoto inauzwa kwa bei ya kutupa, na moyo unakuambia kwamba kuiacha ni kupoteza. Ukifika nyumbani unakuta umebeba mfuko mzima, na ndani yake hamna sweta hata moja, ilhali sweta ndiyo iliyokuwa imekutoa nyumbani.

Jirani yangu mmoja alinionyesha njia anayoitumia, nami nimeiga. Ana uzi wa pamba ambao ameufunga mafundo, kila fundo likionyesha urefu wa mguu wa mtoto mmoja kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo, na fundo jingine la upana wa mabega. Kabla ya kwenda sokoni huwapima watoto upya, kisha huandika vitu vilivyopungua tu. Akiwa sokoni, suruali isiyolingana na fundo lolote huirudisha hata kama inauzwa kwa shilingi ishirini. Amenieleza kwamba alianza hivyo baada ya kutoa kabatini nguo zote ambazo watoto hawakuwahi kuzivaa na kuona kwamba karibu zote alizinunua kwa sababu ya bei, wala si kwa sababu ya mtoto fulani.

Tunapenda kusema rahisi ghali, lakini mimi naona msemo huo hautoshi. Kuna vitu rahisi vilivyo bora sana kule mitumbani, na sufuria nzito ya zamani inaweza kuishi kuliko mpya ya dukani. Urahisi huleta hasara pale unapokuwa ndiyo sababu pekee ya kununua.

Fundi wa Kariobangi

Ninatengeneza friji, heita za bafuni na mashine za kufua, na ninataka kuongeza jambo kuhusu kile ambacho mwanzisha uzi amekiita madai ya kitu baada ya kununuliwa. Wateja wangu wengi huuliza bei ya dukani kwa makini sana, wakazunguka maduka yote ya Luthuli Avenue wakitafuta tofauti ya shilingi mia tano, lakini hawaulizi kitu hicho kitatumia umeme kiasi gani wala spea zake zinapatikana wapi.

Chukueni heita ya kuogea, ile inayofungwa kwenye bomba la bafuni. Nyingi zina nguvu ya wati 5,500 hivi. Familia ya watu wanne, kila mmoja akikaa chini ya maji kwa dakika kumi, itaitumia kwa dakika arobaini kwa siku, na hizo ni yuniti kama tatu na theluthi mbili. Kwa mwezi mzima zinakaribia yuniti 110, bila kuhesabu taa, friji wala televisheni. Tangu mwaka 2023 bei ya umeme wa nyumbani imegawanywa kwa mafungu, na mipaka yake ni yuniti 30 na yuniti 100 kwa mwezi. Anayevuka 100 huingia katika fungu la bei ya juu zaidi. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akiishi ndani ya fungu la katikati hafungi heita tu ukutani, bali anaihamisha nyumba nzima hadi kwenye bei nyingine, kisha anakuja kwangu akisema mita yake imeharibika. Mita haina shida. Heita nayo haina shida, wala sisemi kwamba watu waoge maji baridi mwezi wa Julai. Ninasema hesabu hiyo ingefanywa dukani, kwa dakika mbili, kwa kusoma wati zilizoandikwa ubavuni mwa kifaa, pengine angefunga heita na bado akaamua kwamba dakika tano zinatosha.

Kuhusu spea, ninawasihi jambo moja. Kabla ya kununua kifaa chochote chenye mota, mpigie simu fundi unayemwamini na umtajie muundo wake. Kama hajawahi kukishika na hajui pahali pa kupata kompresa yake au ubao wake wa umeme, basi dhamana ya mwaka mmoja ndiyo umri wa kifaa hicho.

Mkaazi wa Pipeline

Nimesoma kwa makini na ninaheshimu yaliyoandikwa, lakini naomba niseme jambo ambalo wengi wenu mnaweza kulisahau. Mashauri haya yanamfaa mtu anayepokea mshahara tarehe fulani na anayeweza kungoja. Mimi hulipwa kwa siku, na zipo siku nisizolipwa. Simu niliyonayo niliichukua kwa malipo ya kila siku, na najua kwamba kwa jumla nimelipa zaidi ya bei ya dukani. Sijutii. Bila simu hiyo nisingekuwa nikipigiwa kuitwa kazini. Mtu akiniambia ningeweka akiba kwanza, namwuliza ni wapi akiba hiyo ingekaa salama katika nyumba ya chumba kimoja yenye mahitaji ya watu watano. Naogopa mazungumzo ya namna hii yasije yakawafanya watu wa kipato kidogo waonekane kwamba hawana akili ya pesa.

Mwanzisha uzi

Ndugu wa Pipeline, umesema kweli na nakushukuru. Simu yako haistahili kuwa katika uzi huu, kwa sababu imekulipa. Mtu wa bodaboda anayelipia pikipiki kidogo kidogo, huku kila siku ikimwingizia zaidi ya anachokilipa, amefanya biashara, na gharama ya mkopo ni sehemu ya biashara hiyo. Pale ninapoona watu wakiumia ni pale mpango uo huo wa malipo unapohamishiwa kwenye kitu kisichoingiza chochote, na jumla yake haitajwi.

Tuseme friji inauzwa shilingi 38,000 taslimu. Muuzaji anakwambia utoe 8,000 leo na 130 kila siku kwa mwaka mmoja. Mia na thelathini inaonekana ni bei ya chai na chapati mbili. Lakini 130 mara siku 365 ni 47,450, na ukiongeza zile 8,000 unafika 55,450, yaani umelipa 17,450 kwa ajili ya kuipata mapema. Inawezekana friji hiyo inastahili, hasa kwa mama anayeuza maziwa au samaki. Ninachotaka ni mnunuzi aitamke ile jumla kwa sauti yake mwenyewe kabla ya kuweka sahihi. Ninawaombeni pia mwulize kitakachotokea malipo yakikatika, kwa maana simu nyingi za mkopo hufungwa kwa mbali, na friji hurudi kuchukuliwa, wakati mwingine ikiwa imebaki miezi miwili tu kumalizika.

Kuna jambo la pili ambalo majibu ya watu wanaoniuzia yamenifundisha, nalo ni asili ya pesa. Vitu vingi vinavyoishia kwangu havikununuliwa kwa mshahara. Vilinunuliwa kwa pesa za mzunguko wa chama, kwa gawio la sako, yaani chama cha akiba na mikopo, kwa malimbikizo ya mshahara au kwa pesa ambazo ndugu alirudisha baada ya muda mrefu. Mwanauchumi wa Marekani, Richard Thaler, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, ameandika sana kuhusu namna watu wanavyozigawa pesa vichwani mwao katika mafungu yenye majina, wakazitumia kwa ulegevu zile walizozipa jina la bahati. Hapa kwetu jambo hilo halihitaji mtaalamu wa mbali ili lionekane. Chama cha watu kumi na wawili wanaotoa shilingi 2,000 kila mwezi humpa mmoja wao 24,000 zamu yake inapofika. Akizipokea huhisi ametunukiwa, ilhali kwa mzunguko mzima yeye mwenyewe ametoa 24,000, tena mara nyingi akizitoa mwezi ukiwa kona na sukari ikiwa imeisha. Kama angezihesabu kuwa ni mshahara wake uliocheleweshwa, sidhani kama angenunua televisheni ya inchi hamsini na tano kabla jua halijatua.

Desemba ndiyo mbaya zaidi. Katika wiki za mwisho wa mwaka mimi huwa sina kazi nyingi, watu wananunua. Simu yangu huanza kulia Januari, shule zinapofunguliwa, na vitu ninavyoitiwa vingine bado vina plastiki kwenye vioo. Mzazi anayeuza kitu ili alipe karo hana nguvu ya kukataa bei, na kusema kweli mimi mwenyewe sifurahii kununua kwa namna hiyo.

Msomaji wa Kitengela

Naomba kuleta jambo zito kuliko vyombo vya nyumbani. Dada yangu alianza kulipia kiwanja cha futi hamsini kwa mia kutoka kwa kampuni ambayo sitaitaja. Aliahidiwa hati miliki baada ya kumaliza malipo. Katikati ya safari alianza kuona dalili mbaya: ofisi ilihama, maswali kuhusu hati yalijibiwa kwa ahadi, na cheti pekee alichonacho ni cha hisa. Hata hivyo ameendelea kulipa kila mwezi. Nikimshauri asimame, ananiambia ameshatoa pesa nyingi mno, na akiacha sasa zitapotea. Tumsaidieje?

Mwanzisha uzi

Msomaji wa Kitengela, swali lako limenigusa, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu hapo ndipo pesa nyingi za watu wa mji huu zinapozama.

Tabia ya dada yako ni ya binadamu wote. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walichapisha jaribio walilolifanya kwa watu waliokuja kununua tiketi za msimu wa michezo ya jukwaani katika chuo kikuu cha Ohio. Baadhi yao waliuziwa kwa bei kamili, wengine wakapunguziwa bila kutarajia. Katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria michezo mingi zaidi kuliko wale waliopunguziwa, ingawa michezo ilikuwa ile ile na wote walikuwa wamekwisha kulipa. Pesa iliyokwenda iliwasukuma miguu. Ikiwa tiketi ya jukwaa inaweza kumsukuma mtu hivyo, kiwanja kilicholipiwa kwa jasho kitamsukuma mara ngapi?

Kwa hiyo usimwambie dada yako asahau pesa alizotoa, kwa sababu hawezi, na si haki kumwambia hivyo. Mwulize swali tofauti: kama leo ndiyo siku yake ya kwanza kuisikia kampuni hiyo, na anayajua yote anayoyajua sasa, je, angeipa malipo ya mwezi huu? Malipo ya mwezi huu bado yako mkononi mwake, na hayo ndiyo anayoyaamua. Yale ya nyuma yatafuatwa kwa njia nyingine.

Njia hizo zipo. Kwanza aombe nambari ya hati ya ardhi mama, ile iliyogawanywa kuwa viwanja, na afanye upekuzi rasmi kwenye masjala ya ardhi; kwa ardhi ya Nairobi kuna mfumo wa mtandaoni wa Ardhisasa uliozinduliwa mwaka 2021, na kwa kaunti ambazo mfumo huo bado haujafika masjala yao itamhudumia. Upekuzi utamwonyesha mmiliki ni nani na kama kuna mkopo au zuio juu ya ardhi hiyo. Pili, ikiwa ni ardhi ya kilimo katika eneo linalosimamiwa na bodi ya ardhi, Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka idhini ya bodi iombwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano, na mauzo yasiyo na idhini hiyo hayana nguvu kisheria. Tatu, cheti cha hisa si hati miliki. Kinamfanya kuwa mwanahisa katika kampuni, na kampuni inaweza kuwa na deni. Akishapata majibu hayo matatu, amwone wakili akiwa na risiti zote, kabla ya kulipa tena hata shilingi moja.

Naomba nitenganishe mambo mawili ambayo uzi huu ungeweza kuyachanganya. Kujutia uamuzi wako ni jambo moja, na kudanganywa ni jambo jingine. Mtu aliyeuziwa kitu chenye kasoro iliyofichwa, au aliyeambiwa uongo ili atoe pesa, hana sababu ya kukaa nyumbani akijilaumu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaokubalika, habari anazohitaji ili anufaike nazo, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ilipitishwa mwaka 2012, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya wanunuzi. Zaidi ya hapo kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi pale Milimani mwaka 2021, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inatakiwa na sheria kumaliza kesi ndani ya siku sitini; unaweza kwenda wewe mwenyewe bila wakili. Watu wengi hawaendi kwa kuwa hawana risiti. Ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi wa kwamba umelipa, lakini hauelezi ulilipia nini, basi daima mwombe muuzaji aandike jina la kitu na hali yake, hata kama ni kwenye karatasi ya daftari.

Mwalimu wa Umoja

Nimefuatilia kimya tangu mwanzo. Swali langu ni la utaratibu. Mwanzisha uzi ametuambia tuandike, lakini mimi nimeona watu wengi wakianza daftari la matumizi na kuliacha kabla ya wiki mbili kuisha. Kuandika kila nyanya na kila nauli ni kazi ya kuchosha. Je, kuna njia iliyo nyepesi zaidi?

Mwanzisha uzi

Mwalimu, sipendekezi kuandika kila nyanya. Andika vile vitu ambavyo ukiviona moyo unakuuma, basi. Kwa watu wengi ni vichache kwa mwaka, na ukurasa mmoja unatosha. Mteja wangu mmoja, mama anayefanya kazi ya usafi wa ofisi mjini, alinionyesha ukurasa wake nilipokwenda kuchukua oveni ndogo ya umeme. Hakuwa ameandika bei kwanza. Alikuwa ameandika: "Ijumaa jioni, nikitoka kazini, sijala. Pesa za ziada za kazi ya Jumapili. Nilimwona mwenzangu anayo. Nilifikiri nitaoka mikate ya kuuza." Chini yake alikuwa ameandika mambo ya kitu kingine, tanuri la mkaa la kuoka alilolinunua kule Kamukunji kabla ya hapo, na maneno yalikaribia kuwa yale yale: jioni, hajala, pesa za ziada, wazo la biashara ambalo hakulijaribu kwanza kwa kuazima.

Aliponyanyua macho alikuwa ameshaliona jambo mwenyewe. Akaniambia kwamba tangu hapo hatanunua chombo cha biashara kabla ya kuazima au kukodi cha mtu na kuuza bidhaa yake kwa majirani, japo kwa juma moja. Hakuacha ndoto ya kuoka. Aliiuza oveni, akaanza kuoka kwa kutumia jiko la mwenzake siku za Jumamosi, na akishajua kama wateja wapo ataamua. Ninamheshimu sana mama yule, kwa sababu hakuyageuza majuto yake kuwa sababu ya kujidharau.

Jambo moja zaidi kwa wanaouza. Mkija kwangu au kwa mwenzangu yeyote wa biashara hii, msitaje bei mliyonunulia. Soko halijui bei hiyo, na kuing'ang'ania huwafanya wengi wakae na kitu kwa mwaka mzima huku thamani yake ikishuka na nafasi ikibanwa. Angalieni kitu kama hicho kikiwa kimetumika kinauzwa kiasi gani leo, kisafisheni vizuri, tafuteni risiti na waya zake zote, na mkiuze kabla ya mwezi wa Januari.

Mama wa Kayole

Naomba swali la mwisho, fundi na mwanzisha uzi mnisaidie. Nimekuwa nikiweka akiba ya kununua mashine ya kufua, kwa sababu mgongo umeanza kunisumbua. Pesa zinakaribia kutimia na sijakopa. Nyumba yangu iko orofa ya nne. Nianze kuangalia nini?

Fundi wa Kariobangi

Mama, anza na maji kabla ya kuangalia mashine. Mtaani kwenu maji ya mgao huja siku gani, na yakija, yanapanda hadi orofa ya nne kwa nguvu yake au mnayateka chini kwa mitungi? Mashine inayojiendesha yenyewe huvuta maji kutoka kwenye bomba na huhitaji msukumo wa kutosha. Bomba likikauka katikati ya kufua, inasimama na nguo zikiwa ndani zimelowa sabuni. Ile yenye mapipa mawili, moja la kufua na jingine la kukamulia, inakubali kumiminiwa maji kwa ndoo, bei yake ni nafuu, na mota yake ni rahisi kutengeneza, ila itakubidi uhamishe nguo kwa mkono kutoka pipa moja hadi jingine, na kwa mgongo wako hilo nalo ni la kufikiriwa. Angalia pia kama bafu lina tundu la kutolea maji machafu lililo karibu na soketi, na soketi yenyewe iwe mbali na maji na iwe na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini ukivuja. Pima mlango na ngazi, kama ndugu mwanzisha uzi alivyosema kuhusu sofa.

Ukishanijibu kuhusu maji nitakutajia miundo ambayo spea zake ninazipata kwa urahisi, na ukipenda tutakwenda pamoja dukani siku ya kazi, asubuhi, wakati wauzaji wana nafasi ya kukuwashia mashine uisikie ikizunguka.